Njumu za Fundi Shekalaghe

"Njumu ya tope haishiki jiwe." Watu wa Kwemwango huitamka methali hii mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha hunyamaza. Ndiyo maana vijana wengi wameisikia na wachache wameielewa.

Safari hii aliyeitamka ni Bi. Mwanaheri, akiwa jikoni kwake anachambua maharage. Wajukuu wake watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakipanga safari ya kesho yake. Mke wa kaka yao, mjamzito wa miezi minane, alitakiwa kuteremka kliniki, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara, pikipiki ingepita njia ya zamani ya bondeni. Wakakubaliana kwamba wa kumpakia awe Mtangi, mdogo wao, aliyerudi kutoka Korogwe miezi miwili nyuma akiwa na sifa kwamba kwenye lami hakuna wa kumpita. Mtangi mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Alitabasamu tu, akachezea ufunguo wa pikipiki. Hapo ndipo bibi alipoitema ile methali ndani ya ungo.

"Njumu? Zile za viatu vya mpira?" akauliza mmoja.

"Na jiwe linaingiaje, bibi?" akauliza mwingine.

"Kaeni chini mwambiwe. Si hapo, mnaniziba mwanga. Na wewe Mtangi usiondoke."

Wakakaa. Methali hii ina mwanzo wake, akasema, na mwanzo wenyewe ni huu.

Neno njumu lilipofika huku milimani lilikuwa limeshazeeka. Watu wa pwani waliita njumu vile vipande vya madini vinavyopigiliwa kwenye mti ili kuupendezesha: kwenye kitako cha bunduki, kwenye kiti cha mkubwa, kwenye kasha la bibi harusi. Fundi Shekalaghe, babu yake Bi. Mwanaheri mzaa mama, alilichukua neno hilo Pangani, alikokwenda ujanani kujifunza kushona viatu. Jirani wa mwalimu wake alikuwa fundi makasha, na kutwa nzima nyundo yake ilipigilia njumu, ko, ko, ko, mpaka kijana wa milimani akawa anazisikia usingizini. Aliporudi kwao akafungua kibanda chake, na siku moja akaletewa viatu vya kuchezea mpira. Akavigeuza, akaviona vile vigingi vya ngozi vilivyopigiliwa chini ya soli kwa misumari ili kung'ang'ania ardhi. Akacheka. "Hizi nazo ni njumu," akasema. "Tofauti ni kwamba za kasha hutazamwa, na hizi hukanyagiwa." Kuna wengine huenda walishaziita hivyo kabla yake, lakini Kwemwango walilipata neno kwake, na ukiwaambia vingine watakubishia mpaka uchoke.

Fundi Shekalaghe alikuwa na mikono mizuri na masikio mabaya. Mikono ilikuwa mizuri kwa sababu hakuna kiatu kilichoishinda. Masikio yalikuwa mabaya kwa sababu yalipenda kusifiwa kupita kiasi. Mkewe alikuwa amefariki na kumwachia mtoto mmoja, Mwantumu, na huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Mume wa Mwantumu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko chini, kwa hiyo mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa akarudi kwa baba yake kujifungua, kama ilivyokuwa desturi.

Mwaka ule masika yalikuja kwa hasira. Timu ya Kwemwango ilikuwa na mechi Jumamosi na timu ya ng'ambo ya bonde, na uwanja ulikuwa umegeuka kitalu cha mpunga. Kijana mmoja aitwaye Hoza, mshambuliaji ambaye hata akina mama sokoni walimjua kwa jina, akamletea fundi buti kuukuu na kumwomba amtengenezee viatu vya kusimama kwenye tope. Fundi akakata, akashona, akakunja ngozi ya ng'ombe matabaka matatu, akapigilia njumu sita kila kiatu.

Ijumaa jioni alipomaliza njumu ya mwisho alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliingiza mkono ndani ya kiatu, akakikandamiza juu ya kinoo chake, lile jiwe la kunolea visu, lililokuwa limelowa maji. Kiatu kikateleza mpaka ukingoni, na vichwa vya misumari vikapiga ukelele mwembamba: kwiii. Akajaribu tena. Kwiii. Mwantumu aliyekuwa ndani, upande wa pili wa ukuta, akauliza, "Baba, ni nini hicho kinacholia?" Fundi akasema si kitu. Akakiweka kiatu rafuni. Mpira hauchezwi juu ya mawe, alijiambia, na kwa hilo alisema kweli.

Jumamosi watu ishirini na mmoja waliteleza na mmoja akasimama. Hoza alifunga mabao mawili, na la pili alilifunga huku mabeki wawili wamelala kifudifudi matopeni wakimwangalia anavyopita. Mechi ilipokwisha walimbeba Hoza, kisha wakaenda kibandani wakambeba na fundi mwenyewe. Vijana saba wakaagiza viatu papo hapo. "Mkono wako, fundi, haujapata kutokea!" Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi aliisikia, lakini alidhani inamhusu mgema.

Jumapili mchana Mwantumu akashikwa na uchungu. Usiku ukapita, na asubuhi ya Jumatatu mkunga, Bi. Nyange, akatoka nje akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amezalisha nusu ya kijiji.

"Fundi, mtoto amekaa vibaya," akasema. "Mikono yangu imefika mwisho wake. Binti afike hospitali ya bondeni kabla ya adhuhuri. La sivyo tutawakosa wote wawili."

Yashikeni maneno hayo ya mkunga, akasema Bi. Mwanaheri. Tutayarudia.

Siku zile gari halikuwepo. Palikuwa na machela: mti mmoja mrefu, blanketi zito lililofungwa ncha zake mbili kwenye mti, mgonjwa ndani, mbebaji mmoja mbele na mmoja nyuma, na wengine pembeni wa kupokezana. Na machela ilikuwa na sheria zake. Wa mbele aliitwa mshika njia, na mshika njia hakuvaa kiatu wala kandambili, kwa kuwa mguu mtupu husoma ardhi. Kila ardhi ilipobadilika aliita alichokikanyaga. "Tope!" "Mzizi!" "Jiwe!" Wa nyuma alipaswa kujibu, "Nimelisikia!" Bila jibu, mshika njia hakuinua mguu wa pili, hata kama nyuki wangekuwa wanamuuma. Maana wa nyuma haoni njia, anaona blanketi, na mwenye kubeba asichokiona lazima aambiwe, na mwenye kuambia lazima ajue kwamba amesikika.

Mshika njia wa Kwemwango alikuwa Mzee Mahimbo. Alikuwa na nyayo pana na maneno machache, na hakuwahi kumwangusha mtu, awe hai au maiti. Fundi akasema nyuma atakaa yeye na hatapokezana na yeyote. Hakuna aliyembishia.

Wakaondoka. Hawakufika mbali. Kwenye mteremko wa kwanza tu, udongo mwekundu ulioloa siku tatu mfululizo ukamponyoka Mahimbo miguuni, akaenda chini kwa magoti yote mawili. Mti ukagonga ardhi. Mwantumu akapiga kelele moja, kisha akanyamaza, na ule unyamavu wake ulimtisha baba yake kuliko kelele.

"Kwa tope hili nyayo tupu hazifai," akasema Kaoneka, kijana mmoja wa wapokezi. "Hoza avae njumu zake, ashike mbele."

Watu wote wakaona ni kweli. Hoza, aliyekuwa ameshaanza kukimbia kabla maneno hayajaisha, alirudi amevaa vile viatu, kamba amezifunga mafundo mawili mawili. Mahimbo akasimama akijifuta udongo magotini. Hakuwa mtu wa kung'ang'ania nafasi. Lakini alimgeukia fundi.

"Hii ni kazi ya mkono wako, na aliyemo humu ni mwanao. Niambie. Zinashika?"

Watu walikuwa wamejaa pande zote za njia. Wale vijana saba walikuwepo. Fundi aliliona jibu la kweli, aliliona kabisa, liko karibu kama nyundo ilivyo karibu na mkono. Zinashika tope. Lakini jibu lile lilikuwa na mkia, na mkia wake ungewafanya wale vijana watazamane. Njia ni tope karibu yote, akawaza. Mawe ni pale Kibapa tu, na Kibapa ni hatua kumi.

"Zinashika popote," akasema.

Basi Mahimbo akampisha Hoza.

Na kwa kweli, wajukuu zangu, msije mkasema viatu vilikuwa vibaya. Viliwashusha mlima ule kama ambavyo hakupata kushuka mtu na machela tangu kijiji kianze. Pale ambapo wapokezi waliteleza na kushika majani, Hoza aliingiza njumu zake ardhini, akazing'oa, akaziingiza tena. "Tope!" "Nimelisikia!" "Mzizi!" "Nimelisikia!" Kaoneka alikuwa akisema, "Fundi, mkono huu tuutie kwenye sanduku!" Na fundi, huku mti unamkata bega na mwanawe anaugua hatua mbili mbele yake, alisikia utamu wa sifa ile ukimshuka kifuani. Baadaye, katika uzee wake, alisema hicho ndicho kitu alichokionea aibu kuliko vyote, kwamba hata pale alisikia utamu.

Wakaanza kusikia maji.

Kibapa ni bamba la mwamba lililolala mshazari katika njia, pana kama ua wa nyumba mbili, na kijito hupita juu yake kikiwa chembamba kama shuka. Upande wa kulia ni ukuta wa mlima. Upande wa kushoto bamba linateremka, linateremka, kisha halipo tena, na chini ni korongo. Kila aliyefika Kibapa alivua viatu. Bwana shamba alivua buti zake za serikali. Shehe alivua makubadhi. Ilikuwa kama kupiga hodi.

"Vua, Hoza," akasema Mahimbo.

Hoza akajitazama miguuni. Kamba zilikuwa zimevimba kwa maji na kuzikwa ndani ya udongo, mafundo hayaonekani.

"Mzee, haya mafundo yatanila nusu saa. Na binti hana nusu saa."

"Hana," akasema Bi. Nyange, mkono wake ukiwa ndani ya blanketi. "Amedhoofika. Fanyeni upesi."

"Kata kamba."

"Na ng'ambo ya jiwe, kwenye tope, nivae viatu visivyofungika? Ndiyo itakuwa balaa zaidi. Halafu mzee, viatu hivi vimetufikisha hapa, hakuna haja ya kupokezana, na fundi mwenyewe amesema popote."

Wote wakamtazama fundi. Yeye aliyatazama maji. Kama angesema sasa, wangemuuliza kwa nini hakusema kule juu, na swali hilo halikuwa na jibu la kutamkika mbele ya watu. Hatua kumi tu, akajiambia kwa mara ya pili. Mungu ni mkubwa. Mtu akishaanza kumwachia Mungu kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe, mjue amekwisha kupotea.

Hoza akakanyaga mwamba.

"Jiwe!"

"Nimelisikia," akasema fundi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kwenye ufa wenye mchanga, ikashika. Ya pili ikashika. Ya tatu, fundi naye akaingia juu ya mwamba na nyayo zake tupu, na baridi ya jiwe ikampanda hadi magotini. Ya nne. Ya tano Hoza alifika katikati, pale maji yanapopita na jiwe limeota utelezi wa kijani.

"Jiwe!" akaita, na chini ya wito wake kikasikika kingine, chembamba.

Kwiii.

Fundi alifungua mdomo ajibu, jibu likakataa kutoka. Hoza akasubiri. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mbele, wa kulia nyuma, na mti begani. Sheria ni sheria. Bila jibu hakuinua mguu.

"Fundi! Jiwe!"

Machela ikaning'inia kati yao, na maji yakapita chini yake.

Ndipo Mwantumu, ambaye tangu juu hakuwa ametamka neno, akasema kutoka ndani ya blanketi kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, "Baba. Ni ile sauti ya Ijumaa."

Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi.

"Hoza," akasema fundi, "usiinue mguu. Nilikudanganya. Njumu hizi hazishiki jiwe. Nilizijaribu kwenye kinoo changu zikateleza, nikajaribu tena zikateleza tena. Nilijua tangu Ijumaa."

Hoza hakugeuka, hakuthubutu kugeuka. Fundi aliona shingo yake tu, na jinsi ilivyokakamaa.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

Kwiii, ikalia tena, ingawa Hoza hakuwa amejitikisa. Mguu wa kushoto ulikuwa ukihama wenyewe kuelekea korongo, polepole, upana wa kidole, kisha wa kidole kingine.

Mahimbo alivua koti lake, akaingia juu ya mwamba na zile nyayo zake pana, akipita upande wa ukuta, akikanyaga, akingoja, akikanyaga. Mwenda pole hajikwai, husema watu, lakini waliokuwa pale walitamani akimbie. Alifika mbele ya Hoza, akampa mgongo, akaingiza bega chini ya mti.

"Niachie nikiita," akasema. "Si kabla. Jiwe!"

"Nimelisikia!" akaitikia fundi, na safari hii sauti ilitoka yote.

Hoza akauachia mti.

Sasa sikilizeni. Mtu aliyebeba mzigo anaposhikwa na utelezi, mkono wake wenyewe hukamata chochote kilicho karibu. Hiyo ni tabia ya mkono. Uzito ulipomtoka begani njumu zilimponyoka zote mbili kwa pamoja, na mti ulikuwa hapo, karibu na uso wake, na blanketi lilikuwa hapo. Fundi aliuona mkono wa Hoza ukiinuka, ukafika kwenye blanketi. Kisha akauona ukijirudisha. Kijana yule alijikumbatia kifua kwa mikono yake miwili, akaenda na maji.

Walisikia kishindo. Kisha wakasikia akilia, na kilio kile kilikuwa habari njema, kwa kuwa maiti hailii. Kijiti cha mpera mwitu kilichoota kwenye ufa kilikuwa kimemzuia ukingoni, mguu wake wa kulia ukiwa umekunjwa chini yake vibaya.

"Nendeni!" akapiga kelele. "Mimi nipo! Nendeni!"

Kaoneka akashuka kwake kwa kamba. Mahimbo na fundi wakavuka. "Jiwe!" "Nimelisikia!" "Jiwe!" "Nimelisikia!" Fundi alikuwa akiitikia huku machozi yanamwingia mdomoni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Walifika hospitali jua likiwa bado halijasimama utosini. Daktari akampasua Mwantumu, mtoto wa kike akatoka akiwa wa bluu, wakampigapiga mgongoni mpaka akakasirika akalia.

"Na mtoto huyo," akauliza mmoja wa wajukuu, "si ndiye..."

"Ndiye anayekuchambulia maharage. Ukinikatiza tena utayachambua wewe."

Hoza aliletwa jioni ile kwa machela nyingine. Mguu uliunga, lakini uliunga ukiwa umepinda, na hakucheza mpira tena maisha yake yote. Kwa muda wa siku tano fundi alizunguka ile hospitali akimwona mwanawe na mjukuu wake, akishindwa kuingia wodi ya wanaume. Siku ya sita akaingia. Akakaa kwenye sakafu, kando ya kitanda, kwa kuwa alijiona hastahili kiti.

"Kwa nini hukusema kule juu?" akauliza Hoza.

Fundi alikuwa amejiandalia maneno mengi. Akatoa mawili tu.

"Walikuwa wananisifu."

"Ungesema tu, fundi," akasema Hoza. "Ningezivaa kwenye tope na Mahimbo angepokea kwenye jiwe. Na bado tungekusifu."

Maneno hayo fundi aliyabeba mpaka kaburini. Alisema yalikuwa mazito kuliko matusi, kwa sababu matusi mtu huyarudisha.

Hoza alipopata nguvu ya kutembea kwa magongo, fundi alimwita kibandani akamfundisha kazi yote, bila kumficha hata fundo moja, mpaka wakawa mafundi wawili. Njumu waliendelea kuzitengeneza. Vijana waliendelea kuzitaka, kwa kuwa masika hurudi kila mwaka na tope ni lilelile. Lakini kile kinoo fundi alikitoa ndani akakiweka mlangoni, pamoja na kibuyu cha maji. Kila aliyekuja kuchukua viatu vyake, kabla hajapewa, fundi alilowesha kinoo, akaingiza mkono kwenye kiatu, akakikandamiza mbele ya macho yake. Kwiii.

"Umesikia?" anamuuliza.

"Nimesikia."

"Njumu ya tope haishiki jiwe. Sema."

Na mteja husema. Asiposema, viatu havitoki. Kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni aliyeona anachezewa, akaondoka bila viatu. Wiki iliyofuata alirudi akasema.

Hivyo ndivyo maneno ya mlangoni kwa fundi yalivyotembea. Wenye kuyachukua kwanza walikuwa wacheza mpira, wakitaniana. Kisha yakaingia barazani, yakaingia kwenye kuozesha na kwenye kugawa kazi. Mtu hodari wa jambo moja akisukumwa kwenye jambo jingine, na yeye kwa kupenda sifa asiseme ukomo wake uko wapi, utamsikia mtu mzima akiitamka kwa sauti ya chini, kisha ananyamaza. Wengi hudhani inamsema mwenye kuvaa. Bi. Mwanaheri alifundishwa na babu yake kwamba inamsema kwanza mwenye kujua. Mkunga alijua mikono yake imefika mwisho, akasema, na hakuna aliyemdharau mpaka leo. Fundi alijua, akameza, na mguu uliovunjika ukawa wa mtu mwingine.

Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Bibi aliinua ungo, akaupeta mara mbili, akauweka chini. Hakumtazama yeyote.

Mtangi alikuwa ameacha kuchezea ufunguo. Ndugu zake wawili walikuwa wakiangalia nje, kwenye mvua, kama watu waliokumbuka kazi.

"Bibi," akasema Mtangi. Akakohoa, akaanza upya. "Njia ya bondeni sijawahi kuiendesha wakati wa mvua. Wala wakati wa jua. Mimi nimezoea lami. Nilipokuwa nasifiwa pale mlangoni nilitaka kusema, nikaona aibu."

"Sasa umesema."

"Nimesema."

"Umekufa?"

"Hapana, bibi."

"Basi kamwite mjukuu wa Kaoneka, yule anayepandisha mbolea kwa pikipiki njia ile kila siku. Atampakia yeye. Wewe utatangulia kwa miguu ukimwitia njia, na ukifika Kibapa utavua viatu." Kisha akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu hadithi ianze, na uso wake ukalegea. "Na kwenye lami, mwanangu, hakuna wa kukupita. Hilo hatujakunyang'anya."

Mtangi akasimama, akauning'iniza ufunguo kwenye msumari wa mlangoni. Alipokuwa akiinama kukunja suruali aingie mvuani, walimsikia akijisemea, kwa sauti ya chini, mara moja tu:

"Njumu ya tope haishiki jiwe."